Kurudisha gari la kampuni na kupokea posho ya gari: nisaidieni kupima (Mbeya)

MsafiriWaUyole

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwajiriwa wa kampuni binafsi inayouza pembejeo za kilimo katika nyanda za juu kusini. Kituo changu ni Mbeya mjini, lakini kazi yenyewe iko barabarani: Jumatatu naweza kuwa Vwawa kwa wakulima wa kahawa, Jumatano Tukuyu kwenye chai na parachichi, na kabla wiki haijaisha nikawa Rujewa au Chunya. Kwa miaka mitatu sasa ninatumia gari la kampuni, Toyota Hilux ya cc 2,400 iliyonunuliwa mpya. Ninaruhusiwa kulala nalo nyumbani na kulitumia kwa shughuli zangu mwisho wa wiki, mradi mafuta ya safari hizo niyanunue mwenyewe.

Wiki iliyopita ofisi ya rasilimaliwatu ilitupa barua ya kuchagua moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kuendelea na gari kama ilivyo sasa. La pili ni kulirudisha na kulipwa posho ya gari ya shilingi 1,200,000 kila mwezi, juu ya mshahara wangu wa shilingi 2,400,000, ili ninunue gari langu na kulitumia kwa kazi. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi kujibu.

Mke wangu amepiga hesabu yake akapata zaidi ya milioni kumi na nne kwa mwaka, na anasema baada ya miaka minne tutakuwa na gari letu, wakati mimi nikiendelea na la kampuni nitakuwa na ufunguo tu. Moyo wangu uko upande wake. Hata hivyo kuna jambo linanikwaza ambalo sijaweza kulitaja kwa jina, na ndiyo maana nimefungua uzi huu. Waliowahi kupita njia hii wanisaidie.

MhasibuWaGangilonga

Kamwene, ndugu yangu, kutoka Iringa. Kabla hujalinganisha gari na posho, ishushe kwanza posho hiyo hadi kiwango kitakachoingia benki, kwa sababu shemeji yetu amepiga hesabu ya fedha ambayo hamtaiona.

Kwa viwango vya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, vya Tanzania Bara, kila shilingi ya mapato ya mwezi iliyo juu ya 1,000,000 hutozwa asilimia 30. Mshahara wako umeshavuka mstari huo hata baada ya kuondoa mchango wa NSSF, yaani mfuko wa pensheni, kwa hiyo posho yote itaangukia kwenye asilimia 30: shilingi 360,000 zinakwenda Mamlaka ya Mapato, TRA, nawe unabaki na 840,000. Kama kampuni yenu huingiza posho kwenye hesabu ya michango ya NSSF, zitakatwa kwanza 120,000 za mchango wako, kisha kodi itahesabiwa kwenye 1,080,000 iliyobaki, na mkononi utapokea 756,000. Huo mchango haujapotea, na mwajiri naye ataweka wa kwake, lakini fedha za pensheni haziwezi kununua matairi mwezi ujao.

Sasa tazama upande wa gari. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiulizi umelitumia gari la mwajiri kwa kilometa ngapi za binafsi. Inatazama ukubwa wa injini na umri wa gari, kisha inakuwekea kiwango cha mwaka kinachohesabiwa kama sehemu ya mapato yako. Injini isiyozidi cc 1,000 ni shilingi 250,000 kwa mwaka. Ya juu ya hapo hadi cc 2,000 ni 500,000. Hadi cc 3,000 ni 1,000,000. Na inayozidi hapo ni 1,500,000. Gari likipita miaka mitano, kila kiwango kinashuka hadi nusu yake. Hilux yako ya cc 2,400 yenye miaka mitatu ni 1,000,000 kwa mwaka, na asilimia 30 ya hiyo ni 300,000, yaani shilingi 25,000 kwa mwezi. Miaka miwili ijayo itakuwa 12,500.

Kwa maneno mengine, kodi ya kulala na gari la watu ni 25,000 kwa mwezi, ilhali kodi ya posho ni 360,000. Wengi hulinganisha gari na posho bila kujua kwamba sheria inavitazama kwa macho mawili tofauti kabisa.

MtumishiNjombe

Samahani, Mhasibu, hapo umenishangaza. Mimi ninalipwa posho ya usafiri kila mwezi na sijawahi kuona ikikatwa kodi. Je, ofisi yetu inakosea, au Msafiri anatishwa bure?

MhasibuWaGangilonga

Ofisi yenu haikosei, mkuu. Sheria hiyohiyo imeziondoa kwenye kodi posho kadhaa, zikiwamo za nyumba na usafiri, zinazolipwa kwa mtumishi wa Serikali au wa taasisi yake inayoendeshwa kwa ruzuku ya bajeti ya Serikali, kikamilifu au kwa sehemu kubwa. Mwajiriwa wa kampuni binafsi hana mlango huo. Ndiyo maana ushauri wa ndugu anayefanya kazi halmashauri haufai kunakiliwa na mtu aliyeajiriwa na kampuni, hata kama ofisi zao zinatazamana.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Kiwango kile cha faida ya gari hakitozwi kabisa ikiwa mwajiri hadai kwenye kodi yake punguzo lolote kwa ajili ya umiliki, matengenezo au uendeshaji wa gari hilo. Kwa kampuni ya biashara hilo ni nadra, kwa sababu kila kampuni inadai gharama zake.

FundiMafiati

Nimesoma yote na sijaona mtu aliyeuliza swali la kwanza ambalo mimi ningeuliza gereji: mafuta ni ya nani? Barua inasema posho hiyo ni ya kumiliki gari tu, au ni ya kila kitu? Pia tuambie unatembea kilometa ngapi kwa mwezi, na ukilirudisha hilo Hilux unataka kununua gari gani. Bila hayo matatu tutabishana hadi kuku wawike.

MsafiriWaUyole

Ahsante, fundi. Nimeisoma tena barua. Maneno yake ni haya, nayanakili: posho hii inajumuisha gharama zote za umiliki na uendeshaji. Kwa hiyo mafuta ni yangu, na nakiri kwamba nilikuwa nimeupita mstari huo haraka.

Kuhusu kilometa, nimefungua kitabu cha safari cha miezi sita iliyopita. Safari za kazi ni wastani wa kilometa 2,200 kwa mwezi. Za kwangu mwenyewe, yaani kanisani, sokoni Mwanjelwa, shambani Isyesye na kumpeleka mama kliniki, hazizidi 400. Gari nililokuwa nikilifikiria ni Subaru Forester au RAV4 ya cc 2,000, iliyotumika, ya kama shilingi milioni 28.

MhasibuWaGangilonga

Basi umetupa kila kitu. Nitaandika hesabu hatua kwa hatua ili atakayeona nimekosea anisahihishe.

Jumla unatembea kilometa 2,600 kwa mwezi. Gari la cc 2,000, kwa milima ya huko kwenu, tulikadirie kilometa 10 kwa lita. Hizo ni lita 260. Nachukua shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Bei halisi utaisoma kwenye tangazo la EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, la kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na usisome safu ya Dar es Salaam, soma ya Mbeya, kwa sababu mafuta yetu yamesafirishwa kutoka bandarini na nauli hiyo iko ndani ya bei. Mafuta pekee ni shilingi 780,000. Posho yako baada ya kodi ni 840,000. Zimebaki 60,000, na bado gari halijabadilishwa oili.

Kwa mwaka utatembea kilometa 31,200. Servisi kila kilometa 5,000, tuseme ya shilingi 150,000, inakuwa kama 78,000 kwa mwezi. Matairi manne ya jumla ya shilingi milioni moja yakidumu kilometa 40,000 ni 65,000 kwa mwezi. Bima kubwa kwa asilimia 3.5 ya milioni 28 ni 980,000, ongeza VAT ya asilimia 18 unapata 1,156,400 kwa mwaka, au 96,000 na ushee kwa mwezi. Halafu kuna gharama ambayo haina risiti wala haikupigii simu, nayo ni uchakavu: gari la milioni 28 litakalokimbizwa kilometa zaidi ya laki moja na ishirini elfu katika miaka minne, tuseme utaliuza milioni 16. Milioni 12 zilizopotea, ukizigawa kwa miezi 48, ni 250,000.

Jumla ni takribani shilingi 1,269,000 kwa mwezi, na sijaweka hata shokapu moja. Ukitoa 840,000 za posho, unabaki na pengo la 429,000 ambalo litatoka kwenye mshahara wako. Ukigawa gharama hiyo kwa kilometa 2,600, kila kilometa inakugharimu kama shilingi 488. Kilometa zako 400 za binafsi zina thamani ya 195,000. Zilizobaki, kama milioni moja na elfu sabini, ni gharama ya kuifanyia kampuni kazi yake.

Sasa linganisha na leo. Mafuta yako ya binafsi, lita 40 kwa mwezi, ni 120,000, na kodi ya faida ya gari ni 25,000. Unalipa 145,000 na unalala usingizi.

DadaWaMafinga

Naomba nisimame upande wa pili, kwa sababu nikisoma hesabu hii naona kama posho ni mtego kwa kila mtu, na haikuwa hivyo kwangu.

Nilifanya kazi ya ofisini katika kampuni ya mbao hapa Mafinga. Nilipewa uchaguzi kama huo, posho ikiwa ndogo kuliko ya Msafiri, lakini kazi yangu ilinitoa nje ya mji mara mbili kwa mwezi, na safari hizo nilikwenda na gari la ofisi pamoja na wenzangu. Nilichukua posho, nikanunua Toyota IST, na kwa kilometa nilizotembea gari lile lilikuwa likizeeka kwa kukaa juani kuliko kwa kutembea. Miaka minne baadaye kampuni ilipunguza wafanyakazi, nami nikiwa mmoja wao. Wenzangu waliokuwa na magari ya kampuni walikabidhi funguo saa nne asubuhi na kurudi nyumbani kwa bodaboda wakiwa na maboksi yao mapajani. Mimi nilipakia vyangu kwenye IST, na gari hilo ndilo lililonianzishia biashara ninayoifanya sasa.

Kwa hiyo Msafiri, kilometa zako ndizo zinazokuhukumu. Aliye na kilometa chache za kazi, posho ni ongezeko la mshahara kwa jina jingine. Aliye na nyingi, kama wewe, anakuwa ameikodishia kampuni gari lake kwa bei ya hasara.

MsafiriWaUyole

Dada, umelitaja lile jambo nililoshindwa kulitaja. Nilikuwa naihesabu milioni moja na laki mbili kama fedha yangu, kumbe sehemu kubwa ni fedha ya barabara ya Tunduma na Chunya inayopita mkononi mwangu tu.

FundiMafiati

Niongeze la kwangu, maana Mhasibu ameandika servisi kila kilometa 5,000 kama mtu anayeendesha kati ya nyumba na benki.

Gari la kazi ya pembejeo huku kwetu haliendi lami peke yake. Lami itakufikisha Vwawa, lakini mkulima wa kahawa hakai barabarani. Unakata kushoto, na kilometa kumi na tano za mwisho ndizo zinazokula bushi na boljointi. Upande wa Rungwe mvua zinaanza Novemba na kuna miaka zinaondoka Mei, na ule udongo ukilowa hata gari la kuvuta magurudumu manne linaomba msaada. Chunya ni kinyume chake: kiangazi vumbi linaingia kwenye kichujio cha hewa hadi ukikigonga chini kinatoa kifusi. Hapa mjini penyewe, tangu uanze upanuzi wa njia nne wa kilometa 29 kati ya Nsalaga na Songwe, mteja wangu aliyekuwa akija mara moja kwa miezi mitatu sasa anakuja kila mwezi. Na usisahau breki. Mtu anayeshuka milima hii akiwa amepakia mizigo, pedi zake hazifiki umri ulioandikwa kwenye boksi.

Forester ni gari zuri, sitalisema vibaya, lakini si gari la kubebea mifuko ya mbolea kwenda Busokelo. Ukilipatia kazi ya Hilux, nitakuona hapa gereji kila mwisho wa mwezi, na tutafahamiana hadi majina ya watoto.

MzeeWaKiwira

Wanangu, nimewasoma kwa utulivu. Mimi nimestaafu, na katika maisha ya kazi nimekuwa na yote mawili kwa nyakati tofauti, kwa hiyo nitasema jambo moja ambalo halipo kwenye karatasi ya mhasibu.

Gari la kampuni lina neno moja la thamani kubwa: gari si langu. Nilipokuwa na la ofisi, lenye nembo mlangoni, ndugu wakija kuomba nipeleke mahindi, au kijana akitaka kulichukua kwa harusi ya rafiki yake, nilijibu kwamba sheria za ofisi haziruhusu, na hakuna aliyenuna. Nilipolinunua la kwangu, nilikosa neno. Likawa la msiba, likawa la mgonjwa wa usiku, likawa la magunia ya viazi kutoka Isongole, na kila aliyelipanda alinishukuru kwa moyo wote, lakini shukrani hujazi nayo tangi. Silalamiki, mgonjwa hatumwachi. Nasema tu kwamba zile kilometa 400 za binafsi ulizoziandika ni za mtu ambaye gari si lake. Likiwa lako, ziandike 700.

Kwa upande mwingine gari la kampuni lina macho. Siku moja nimelipaki mbele ya baa nikimsubiri mtu, na kabla sijamaliza soda simu imeshapigwa makao makuu. Siku hizi naambiwa wanafunga na vifaa vya kufuatilia, kila unapogeuka wanakuona. Kuna watu hawawezi kuishi hivyo, nao wana haki yao.

MtuWaMbozi

Naomba mnisikilize kuhusu bima, kwa sababu nililipa ada ya shule hiyo.

Nilikuwa na posho ya gari kwa mwajiri mmoja ambaye sitamtaja. Gari langu lilikuwa na bima kubwa, nililipia kwa wakati, na nilijiona niko salama. Nikiwa kwenye safari ya kazi, nimepakia sampuli na mifuko ya kampuni, nilipata ajali karibu na mlima Senjele. Namshukuru Mungu sikuumia sana. Lakini kampuni ya bima ilipopeleleza iligundua kwamba nilikatia bima ya matumizi binafsi ilhali gari lilikuwa likifanya kazi ya biashara, na ikakataa kulipa. Mwajiri akasema gari ni langu, na posho ilishajumuisha kila kitu. Nilitengeneza mwenyewe kwa mkopo wa kikundi.

Matibabu yangu yalikuwa na njia nyingine, kwa kuwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, unamtazama mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini bila kujali gari ni la nani. Ila mfuko huo hulipa mwili wa mtu, haulipi boneti. Kwa hiyo yeyote atakayechukua posho na kulitumia gari kwa kazi, amwambie wakala wa bima ukweli kabla ya kulipia, aisome hati yenyewe na si stika pekee, na akubali kwamba bei itapanda kuliko ile aliyoiandika Mhasibu.

AfisaWatuIringa

Nipo kwenye idara ya rasilimaliwatu katika taasisi moja hapa Iringa, kwa hiyo nitawaambia jinsi mambo haya yanavyoonekana tukiwa upande wa pili wa meza.

Kampuni haitoi uchaguzi huu kwa huruma. Gari linapofika miaka mitatu au minne, matengenezo yanaanza kupanda, na posho ya kiwango kimoja inaigeuza gharama isiyotabirika kuwa mstari mmoja kwenye bajeti. Hatari yote, kuanzia kupanda kwa bei ya mafuta hadi gia boksi kufa, inahamia kwa mfanyakazi. Si kosa, ni biashara. Lakini mfanyakazi naye ana haki ya kusema kwamba hatari hiyo ina bei yake.

Msafiri, wewe umejifunga kwenye mambo mawili kana kwamba hakuna la tatu. Omba malipo yatenganishwe: posho ndogo ya kumiliki gari, ambayo itatozwa kodi kama kawaida, na marejesho ya gharama za safari za kazi kwa kila kilometa kulingana na kitabu cha safari. Tofauti yake ni kubwa, kwa sababu sheria haihesabu kama mapato posho ambayo ni marejesho pekee ya fedha ulizotumia kikamilifu na mahususi kwa ajili ya kuzalisha mapato ya ajira yako. Shilingi ileile ikiitwa posho ya mkupuo inakatwa asilimia 30. Ikiwa ni marejesho halisi yenye kumbukumbu, inafika nzima.

Nasisitiza neno halisi. Kiwango cha kilometa kisipandishwe hadi kiwe mshahara uliofichwa, kitabu cha safari kijazwe siku ileile na si mwisho wa mwezi kwa kukumbuka, na risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, zitolewe kwa jina la kampuni na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, pale kampuni inapozihitaji. Siku mkaguzi akija, karatasi hizo ndizo zitakazosema.

Baadhi ya waajiri pia hutoa mkopo wa gari. Ni njia nzuri, ila mjue kwamba riba ikiwa chini ya kiwango kinachotambuliwa na sheria, tofauti hiyo nayo huhesabiwa kama faida ya ajira na kutozwa kodi, isipokuwa kwa mikopo midogo ya muda usiofika mwaka ambayo haizidi mshahara wa msingi wa miezi mitatu. Mkopo wa gari hauwezi kuwa mdogo kiasi hicho.

DadaWaMafinga

Ongeza na hili kwenye mazungumzo yako na ofisi, Msafiri: uliza wakati wa likizo itakuwaje. Katika ofisi yetu gari la kampuni lilirudishwa uani mtu alipokwenda likizo, lakini posho iliendelea. Uliza pia posho itapitiwa lini bei ya mafuta ikipanda. Yangu haikuguswa kwa miaka minne yote.

MsafiriWaUyole

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Ndaga fijo kwa kila mmoja.

Niliandika barua kama Afisa alivyoelekeza, nikaambatanisha nakala za kitabu cha safari cha miezi sita na hesabu ya Mhasibu niliyoiandika upya. Mkuu wa kanda alinipigia simu, mwanzoni kwa sauti ya mtu aliyeudhika, lakini alipouliza hizo shilingi 488 zimetoka wapi nilimsomea mstari kwa mstari akanyamaza. Jibu la maandishi limekuja jana: posho ya kumiliki gari shilingi 500,000 kwa mwezi, na marejesho ya shilingi 450 kwa kila kilometa ya kazi iliyothibitishwa na msimamizi. Kiwango hicho kitapitiwa kila baada ya miezi sita. Waliotaka posho ya mkupuo bado wanaweza kuichukua, na wenzangu wawili wa ofisini wameshaichukua.

Kwa kilometa 2,200 marejesho ni 990,000. Posho baada ya kodi ni 350,000. Jumla ni 1,340,000 dhidi ya gharama ya 1,269,000, kwa hiyo kuna 71,000 za kumpelekea fundi, na namwamini anaposema hazitamtosha. Nikiendelea na gari la kampuni bado ninalipa 145,000 tu na sihangaiki. Tofauti ni kwamba kwa njia hii mpya, ile milioni 16 ya mwisho wa miaka minne ni yangu. Mke wangu ameikubali hesabu hii, ingawa amesikitika kidogo kuiaga milioni kumi na nne yake.

Nimebakiwa na swali moja. Mkuu wa kanda amedokeza kwamba Hilux zitakazorudishwa zitauzwa, na aliyekuwa akilitumia gari atapewa nafasi ya kwanza. Naijua ile gari kuliko ninavyojua viatu vyangu. Je, niachane na Forester nichukue hiyo?

MhasibuWaGangilonga

Bei ndiyo itakayosema. Ila ukiuziwa chini ya bei ya soko, ile tofauti nayo ni faida uliyopata kwa sababu ya ajira, na TRA inaweza kuitazama hivyo. Dai barua ya mauzo inayoonyesha bei ilivyopatikana, na kadi ya gari ibadilishwe jina mara moja, usikae na gari lenye jina la kampuni kwa miezi.

FundiMafiati

Unaijua kwa kuikalia, mkuu, hujawahi kuilalia chini. Kilometa 2,600 kwa mwezi kwa miaka mitatu ni zaidi ya elfu tisini, na mlikuwa mnapakia mbolea. Mimi nataka kuona chasisi, turbo na springi za nyuma, kisha niisikilize injini ikiwaka kwa mara ya kwanza asubuhi, kwa sababu dizeli iliyochoka hujitaja yenyewe ikiwa baridi, ikishapata moto inanyamaza kama haina kosa.

Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa getini kwenu. Mwambie mlinzi asiiwashe kabla sijafika.